Gari Lililochukua Jumamosi Zetu

Wiki iliyopita, hapa kazini kwetu mjini Richardson, mwenzangu mmoja alikuja na gari la kizamani alilolinunua kwa mzee fulani huko mashambani. Wakati wa chakula cha mchana tulitoka wote kwenda kulitazama, kama watu waendao kumwona mtoto mchanga. Alilisifu rangi, akalisifu viti, kisha akaanza kulalamika. Breki zake hazieleweki. Ukikanyaga mara ya kwanza ni laini, mara ya pili laini, mara ya tatu pedeli inakuwa ngumu kama umekanyaga ukuta. Fundi ameshabadilisha kila kitu na hali ni ile ile.

Nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukimuuliza mpira wa kuvuta hewa wa breki ameuchomeka wapi.

Wakanigeukia. Mimi ndiye yule dada wa mahesabu asiyejua hata kuongeza upepo kwenye tairi, ndivyo wanavyonijua. Nikamwambia afungue boneti, nikainama na blauzi yangu ya ofisini, nikamwonyesha. Wakataka kujua nani alinifundisha. Nikasema nilifundishwa nyumbani, nikarudi kwenye meza yangu, na mpaka jioni sikufanya kazi yoyote ya maana. Wewe rafiki yangu nitakwambia jinsi nilivyojifunza, maana wao nisingeweza kuwaambia. Nilijifunza kwa wivu.

Tuliishi Fort Worth, mama na mimi, katika nyumba ya kupanga karibu na hospitali alimokuwa akiuguza wagonjwa. Chumba kilikuwa kimoja na kitanda kimoja, na tulilala wawili, mimi upande wa ukutani. Baba alibaki Kenya na maisha yake mengine. Sikumbuki kama niliwahi kumuulizia. Jumamosi ilikuwa siku yetu. Asubuhi tulishuka na kapu la nguo hadi chumba cha mashine za kufulia, na zilipotoka kwenye mashine ya kukaushia mama alinirundikia zote mikononi, zikiwa bado na moto, nikazika uso wangu humo. Tukirudi, ndengu zilikuwa tayari zimeanza kububujika jikoni. Mama alisukuma chapati na mimi akanipa donge langu la unga. Chapati yangu ilitoka na umbo la kiatu kila mara, na kila mara aliichukua yeye, akaila yote, akasema hajawahi kuonja tamu kama ile. Alasiri nilikaa sakafuni kati ya magoti yake akinisuka, harufu ya mafuta ya nazi puani, na nikijitingisha alinirudisha kichwa kwa kiganja. "Tulia. Sisi ni jeshi la watu wawili, na mmoja hatoroki."

Na tulikuwa na gari letu dogo, ambalo kiti chake cha mbele cha abiria kilikuwa changu. Watu walimwambia mama mtoto akae nyuma, naye akasema huko nyuma hakuna wa kuongea naye. Kila aliposimama ghafla, mkono wake wa kulia uliruka kutoka kwenye usukani ukanikinga kifua. Ulikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali. Hakuuwaza mkono ule, ulijiendea tu. Nami wakati mwingine nilitamani gari la mbele lisimame ghafla, ili uje.

Basi mama akaenda arusi Houston, akarudi akiwa ameanza kuimba jikoni.

Mtu aliyekutana naye huko arusini alikuwa Mtanzania, kwao Korogwe, anafanya kazi ya ofisi na anaishi Sugar Land, pembeni mwa Houston. Alikuwa mrefu, na kipara kilikuwa kinaanza kumvamia. Kiswahili chake kilimfurahisha mama kupita kiasi. Mama alizoea Kiswahili chetu cha Kenya, cha kuagiza na kwenda; huyu alisema "naomba" hata anapoomba chumvi iliyo mezani kwake mwenyewe. Nilimwita anko. Yeye aliniita "mama", kama Watanzania wanavyowaita watoto wa kike kwa upendo. "Hujambo, mama? Umekula, mama?" Mimi nilijua mama katika familia yetu ni mmoja, na sikupenda mtu agawe jina lake ovyo.

Alikuwa na gari. Lilikuwa gari kubwa la Kimarekani la zamani, refu kama kitanda cha chifu, rangi yake kama chai iliyozidi maziwa. Alilinunua likiwa limekufa, akalifufua mwenyewe katika gereji ya nyumbani kwake, maana baba yake alikuwa na lori na yeye alikulia chini ya lori hilo akishika spana. Mama alilipenda gari lile kabla hajakiri kumpenda mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi zetu zikaanza kukatika. Kulipopambazuka tu tulikuwa njiani kwenda Houston, saa nzima na nyingine na nyingine za barabara iliyonyooka, mimi nikihesabu ng'ombe dirishani. Ndengu hazikupikwa. Nywele zangu nilisukwa katikati ya wiki, usiku, kwa haraka, mama akipiga miayo juu ya kichwa changu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kikongo aliyenilea mama akiwa kazini, aliniona nimenuna akaniuliza nina nini. Nilimwambia simtaki anko. Alikuwa akikaanga samaki, akaendelea kuwageuza. "Mama yako naye ni mutu, chérie," akasema. "Ataota moto ya picha, moto ya bila joto, mpaka lini?" Sikuelewa. Nilidhani ananitetea, nikala samaki wake wawili.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya joto, joto lile la Houston linalokulowesha kabla hujafika kwenye gari. Anko alitaka mama ajifunze kuliendesha gari lake kubwa. Akampa ufunguo, yeye akakaa mbele upande wa abiria, nami nikawekwa nyuma kwenye kiti kipana ambacho miguu yangu haikugusa chini. Barabara kuu tulikwenda vizuri. Mama alikuwa anacheka, mkono mmoja nje ya dirisha, anasema hili si gari, hili ni sebule. Tukatoka kwenye barabara kuu, tukaingia kwenye msongamano wa taa hadi taa. Akasimama mara moja, vizuri. Akasogea, akasimama tena, vizuri. Mara ya tatu nikamsikia akivuta pumzi. Alikuwa amekanyaga na gari halisimami.

Hakupiga kelele. Alijiinua kutoka kwenye kiti akaisimamia ile pedeli kwa miguu yote miwili. Mbele yetu kulikuwa na lori la watu wakata nyasi, mashine zao zimefungwa kwa kamba, na sehemu ya nyuma ya lori lile ilikuwa inakuja dirishani kwetu ikizidi kuwa kubwa. Na hapo, nikiwa nimeshika kiti kwa mikono yote, niliuona mkono wa kulia wa mama ukiruka kutoka kwenye usukani.

Ukaenda kwake. Ukamkinga anko kifua.

Gari likasimama karibu kabisa na lori, hata mkata nyasi mmoja akageuka akatutazama kwa mshangao. Mama alikuwa bado amesimama juu ya pedeli, mkono wake bado uko pale, vidole vimeshika shati la yule mtu. Ni yeye anko aliyegeuka nyuma. "Umeumia, mama?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa umepauka. Ningeweza kumsamehe kama angeniacha. Lakini kwamba ni yeye aliyenikumbuka kwanza, na kwa jina lile, hilo lilinichoma kuliko lori.

Nikasema siko na shida. Safari nzima ya kurudi Fort Worth, tukiwa kwenye gari letu dogo, nilikaa nyuma. Mama aliniuliza mbona, nikajibu kwamba ndivyo sheria inavyotaka.

Nilidhani gari lile litatupwa, na mtu wake pamoja nalo. Nilimsikia mama kwenye simu akisema haingii tena humo mpaka ajue ni kwa nini. Moyo wangu ukaruka. Kumbe hakuwa anaaga. Mama alimaanisha alichosema: alitaka kujua ni kwa nini. Jumamosi iliyofuata tulikwenda tena Sugar Land, na mama amevaa suruali ya kazi.

Gereji ile naiona mpaka leo. Mlango wa mbele uko wazi, feni ya kusimama inazungusha joto lile lile, ndani ya nyumba pilau iko motoni, na harufu ya bizari na ya petroli zinakutana mlangoni. Boneti liliinuliwa, wakainama wote wawili. Mimi niliwekwa kwenye kiti cha dereva, mbele kabisa ukingoni ili mguu ufike, kwa kuwa walihitaji mtu wa kukanyaga. Na boneti lile likiwa juu lilikuwa kama ukuta. Sikuwaona. Niliwasikia tu.

"Kanyaga breki, mama," anko akaniambia. "Achia. Kanyaga tena."

Anko alimweleza mama jinsi inavyofanya kazi, nami nilisikia yote. Injini ikiunguruma huvuta hewa, kama mtu anayenyonya kwa mrija. Mpira mnene hutoka kwenye injini hadi kwenye bakuli jeusi la chuma lililo nyuma ya pedeli, na uvutaji ule ndio unaosaidia mguu wako kusimamisha gari zito. Njiani kuna valvu ya kupitisha upande mmoja, ili kilichovutwa kisirudi. Ndiyo maana hata injini ikizimika breki zako hubaki laini mara moja au mbili kabla ya kuwa ngumu. Aliibadilisha valvu, ni mpya. Mpira ni mpya. Bakuli halivuji. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa na aliye na aibu, maana karibu aue watu.

Mama akasema kwamba wodini kwao wana mashine za kuvuta makohozi ukutani, na mgonjwa akikosa kuvutwa, kitu cha kwanza hutazami mrija wala mgonjwa. Unaweka kidole kwenye tundu la ukuta usikie kama linavuta. Akamwambia achomoe mipira ile yote, mmoja mmoja, injini ikiwa inaunguruma taratibu, naye ataweka kidole gumba. Nikasikia wakifanya hivyo. Tundu hili linavuta. Hili linavuta. Hili la juu, upande wa kabureta, pale ulipochomekwa mpira wa breki kwa kiungio alichokiacha mwenye gari wa kwanza, kimya.

"Mwambie akanyage mafuta kidogo," mama akasema. Mwambie. Kana kwamba sikuwa namsikia. Kana kwamba mimi na yeye tulihitaji mkalimani.

Nikakanyaga mafuta. "Sasa linavuta," mama akasema. "Achia. Sasa limeacha." Wakaanza kusema kwa pamoja, wakikatizana. Tundu lile lilivuta ukiwa unakanyaga mafuta tu. Barabara kuu, mguu uko kwenye mafuta, bakuli linajaa nguvu vizuri. Lakini kwenye msongamano, ukiinua mguu ili ukanyage breki, linaacha kuvuta. Unatumia akiba mara moja, mara mbili, mara ya tatu hakuna kitu. "Inakupa mkono wakati huhitaji!" mama akasema, na akacheka. Anko naye akacheka. Nilikijua kila kicheko cha mama, cha simu, cha kanisani, cha kunifurahisha mimi na chapati yangu ya kiatu. Hiki sikuwa nimewahi kukisikia. Kilitoka tumboni, kama cha msichana. Na mimi nilikuwa upande wa pili wa boneti.

Wakauhamisha mpira hadi kwenye tundu kubwa la chini, pale injini inapovuta wakati wote, wakaupitisha mbali na bomba la moto na kuufunga kwa klipu. Nikaambiwa nikanyage breki mara nyingi injini ikiwa imezimwa, mpaka iwe ngumu, kisha nisiinue mguu. Anko akapitisha mkono dirishani akawasha. Pedeli ikazama polepole chini ya mguu wangu, peke yake, kama inapumua. "Imeshuka?" wakauliza. Nikasema imeshuka. Nikasikia viganja vyao vikigongana kule mbele. Mguu ulikuwa wangu, lakini furaha iligawanywa kwa wawili.

Tulipokula pilau mama aliniangalia sana. Baada ya kula akachukua ufunguo. Anko akasimama amfuate, lakini mama akamwambia abaki.

"Nita-drive na mwanangu," akasema. "Peke yetu."

Nilikaa mbele. Tulizunguka mtaani polepole, halafu tukaingia kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa moja, mtupu siku ile. Hapo mama akaanza kukimbiza gari kidogo na kufunga breki, kukimbiza na kufunga, mara tatu, mara nne, mara tano. Breki zilikuwa laini kama siagi. Akasimama katikati ya uwanja na injini ikiwaka.

"Nilikuona kwenye kioo," akasema. "Siku ile. Nilikuona ukiutazama mkono wangu."

Nilitazama nje.

"Haufiki nyuma," akasema. "Hata ningetaka. Mkono haufiki kiti cha nyuma."

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku tukiwa na hasira, kwamba hata hakujaribu.

Nilitarajia anikemee, au anikumbatie na kuniambia mimi ndiye wa kwanza, kama watu wazima wasemavyo. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, na kwenye kidole gumba kulikuwa na duara jekundu lililoachwa na tundu la injini.

"Ni kweli," akasema. "Sikujaribu."

Akaweka gia, tukarudi. Hatukuzungumza jambo lile tena maishani.

Walioana mwaka uliofuata, tukahamia Sugar Land. Jirani yetu wa Kikongo alilia siku ya kuhama, akanifungia samaki kwenye karatasi. Sitakuficha, yule mtu alikuwa mwema. Nilipewa chumba changu na kitanda changu, nikalala katikati yake nisijue pa kuweka miguu. Anko alinichorea mipira yote ya injini kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, hii ya breki, hii ya kabureta, hii ya kiyoyozi, na kunieleza kila mmoja unavuta kwa sababu gani. Nilijifunza kwa bidii ambayo shuleni mwalimu hakuiona kamwe. Yeye alidhani nimependa magari. Nilitaka tu, siku nyingine boneti likiinuliwa, niwe upande wao. Na nilifika upande wao. Nilishika taa, nikashika spana, nikabishana nao, lakini kuna vicheko viwili vitatu walivyokuwa navyo vya kabla yangu, na kila vilipotoka nilikuwa tena kwenye kile kiti, sioni.

Sasa wamestaafu, wamejenga Korogwe. Gari liliuzwa kwa mtu aliyekuja kulibeba kwa trela. Anko alijifanya anatafuta kitu ndani ya nyumba mpaka lilipokwenda. Ile nyumba ya kupanga ya Fort Worth imebomolewa, siku moja nilipita nikakuta vibanda vya watu kuwekea vitu vyao, na uzio. Sikujua hata jikoni kwetu kulikuwa sehemu gani ya ile lami.

Usiku wa siku ile ya mwenzangu na gari lake nilimpigia mama simu. Kule ilikuwa asubuhi, nilisikia kuku. Nilimsimulia jinsi nilivyoinama na blauzi ya ofisini, akafurahi sana, akamwita mumewe aje asikie, nikasimulia upya. Anko alipoondoka nikabaki na mama peke yetu, na sijui ni nini kilinishika, nikamwambia kwamba ninaikumbuka sana Fort Worth. Ile kabla ya Sugar Land. Nikamwambia kwamba mpaka leo, nikiulizwa ni wapi nilikuwa na raha duniani, ni mle ndani ya chumba kimoja.

Nikamsikia akivuta kiti na kukaa.

"Mimi siitamani hata siku moja," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwamba nikishalala, alikuwa anaingia bafuni na kufungua maji ya bomba mpaka mwisho, ili nisimsikie akilia.

Niliikumbuka ile sauti ya maji. Nilikuwa nikiisikia usingizini, upande wangu wa ukutani, na ilikuwa inanibembeleza.